Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu kilikuwa kimoja, watoto thelathini na wawili,
jalada jekundu, mende wamelila pembeni.
Mkaguzi alipita Chumbageni kabla ya vuli,
akatuachia chaki, penseli sita,
na kurasa mbili zilizogandishwa kwa gundi:
ukitoka thelathini na tisa
waangukia arobaini na mbili.

Mwalimu Mntambo alisoma kama mtu arukaye dimbwi,
kanzu juu kidogo, macho mbele.
Tukaruka naye.
Ila mimi, wa dirishani,
niliona karatasi imefura
kama shavu la mtoto anayeficha sukari.

Nikajitolea kukipeleka nyumbani, kukikung'uta vumbi.
Ngamiani, mama ana birika mekoni,
chai ya makombo, ile ifagiwayo ghalani bandarini
masanduku ya Usambara yakishapanda meli.
Nikakishika kitabu juu ya mvuke.
Gundi ya serikali ikalainika.
Chai ikafungua habari za chai.

Kumbe kuna watu, ng'ambo ya bahari nyingine,
weupe kwa weupe, mfalme wao mmoja,
walitozwa ushuru wa karatasi, wa rangi, wa vioo,
kisha wa majani ya chai,
na huko bungeni hawakuwa na wa kuwasemea.
Usiku mmoja wakapanda melini,
wakapasua masanduku,
bahari ikawa birika la baridi.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko nisioujua:
*walilipa bila kuulizwa, wakauliza bila kulipa.*

Baba alirudi magharibi, mkonge umemchora mikono.
Kipande mfukoni: siku ishirini na sita zimetiwa alama,
nne bado,
na kodi keshokutwa.
Nikamsomea. Akang'oa mwiba kwa meno, akautema.
"Na maji ya kunywa, wakati wanagoma,
nani aliyewatekea? Kitabu kimemtaja?"
Nikatafuta mstari kwa mstari.
Hakikumtaja.
"Basi tia alama hapo. Ukikua, uulize."

Keshokutwa ikafika, na Karani Zubeiri, na askari wawili,
meza ya kukunja,
muhuri wenye kichwa cha twiga:
mnyama mwenye shingo ya kuchungulia kila ua.
Biti Kombo, nyumba yake ilianguka masika,
daftarini bado imesimama.
Akaja na ungo wa udongo wa ukuta,
akaumwaga juu ya majina yetu.
"Nyumba hii hapa. Itozeni."

Askari mmoja alicheka, akajikohoza haraka.

Baba naye: "Kichwa changu mmekihesabu.
Kinywa kilichomo mmekiandika wapi?"
Karani akapangusa udongo, akatafuta kweli, maskini,
kidole kikishuka: jina, kibanda, wake, deni.
Safu ya kinywa haikuwamo.

Usidhani tulishinda. Tulilipa.
Lakini tulilipa kwa senti za tundu,
mtaa mzima, zimetungwa kwenye kamba za mkonge
ndefu kama mikia ya tiara,
fundo kila baada ya saba, maana saba haigawanyi shilingi.
Karani akafungua, akahesabu, akapoteza hesabu,
akaanza upya.
Adhana ya alasiri ikampita. Ya magharibi ikampita.
Hakuna aliyepiga kelele. Tulisimama tu,
foleni hadi kwa muuza mafuta ya taa,
kila mtu na kamba yake.

Mwalimu Mntambo walimhamisha kabla ya mwezi kuisha.
Kitabu nilikirudisha, ukurasa umekunjamana kwa mvuke,
hautalala tena sawa na wenzake.
Mimi nimekua, nimezeeka,
na ile alama bado naiuliza.

Usiku ule, taa ya karani ikipepesa,
mama alimpelekea kikombe.
"Kunywa, baba. Hii bado hamjaifikia."
Akakitazama muda mrefu.
Akanywa.
Akasahau alikuwa amefika ngapi.