Barua ya Kuomba Magodoro

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa Kiswahili cha semina:
"kuwajengea uwezo walengwa katika masuala mtambuka."
Nikaisoma kwa sauti. Feni ikaendelea kuzunguka.
Hata mimi, ninayelipwa kwa kazi hii,
nisingetoa mia mbili.

Ya pili ilijaa asilimia,
zimepangwa kama matofali ya kuchoma
yasiyojua yanajenga nini.

Ya tatu nikamliza Mbeleje.
Nilimkalisha vumbini nje ya zahanati ya Chipanga,
mimba ya miezi tisa, kilomita kumi na nane mgongoni,
machozi nikimwongezea
kama mtu anayetia chumvi kwenye mlenda uliokwisha kuungwa.
Jumanne nikakodi pikipiki nikamsomee. Jina ni lake.

Alikuwa anapeta uwele. Ungo haukusimama.
"Nililia lini? Nilitembea.
Nilipochoka nilishika mti, nikatukana kidogo,
nikatembea tena. Andika hivyo.
Na useme mtoto ni mzima,
wasije wakadhani wanachangia sanda."

Nikarudi Kizota na mchanga kwenye meno.
Nikafuta "wanyonge."
Nikafuta "kwa namna moja ama nyingine."
"Mpendwa Mfadhili" nayo nikaikata,
hakuna aliyebatizwa hivyo;
nikaandika Bwana Ndahani, Mwalimu Chilongani,
jina kwa jina, mpaka kidole kikafanya sugu.
Tusi nikalitaja bila kulitamka.
Kisha pale ninapogugumia kila mwaka:
*Nyumba ya kusubiria uzazi ina vitanda sita.
Magodoro ni mawili.
Moja ni shilingi elfu arobaini na tano.
Naomba ununue moja.*
Barua inayojikunakuna kabla ya kutaja bei
hujibiwa kwa salamu.

Chini ya sahihi palibaki upana wa vidole viwili.
Nikaongeza kwa kalamu: *Mtoto anaitwa Nyanjila.
Njia imo ndani ya jina.*

Bahasha themanini na nne.
Zilizojibiwa, kumi na moja,
na mbili kati ya hizo zilitutakia kila la heri.
Mstaafu mmoja wa reli, kule Saranda,
alituma elfu ishirini na mbili na mia tano
pamoja na kikaratasi:
"Hii ni nusu. Iwe upande wa kichwa."

Usiku huu namwandikia.
Nimeanza, "Tunatoa shukrani zetu za dhati,"
nimeikata.
Karatasi nyingine.