Makabidhiano ya Kiti cha Tatu

Daktari Cayupán,
kiti chako ni cha tatu kutoka dirishani.
Usikae cha pili: mguu wake mmoja mfupi,
nacho humwinamisha mtu upande wa mwenyekiti
kabla hajaamua kukubaliana naye.

Hita ya Wizara huwaka Julai kwa kukohoa.
Ghorofa ya saba; Santiago chini imejitanda moshi,
na Milima ya Andes, mvua ikishaosha hewa,
husogea karibu hata ukahesabu mikunjo yake
na kusahau ajenda.
Isahau kidogo. Kisha rudi.

Kitambulisho chako kitakosewa jina.
Changu kilisema "Quilodrón" miaka kumi na mmoja,
nikazoea, hata nikamwona huyo Quilodrón
kuwa mwanamke mwingine, mpole kuliko mimi,
mwenye mwandiko mzuri.
Posho huchelewa miezi mitatu. Biskuti huisha saa nne.

Hatuna kura. Hilo walikwambia?
Tunaitwa, tunaulizwa,
tunashukuriwa kwa barua yenye muhuri.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
ila mwenyeji huyu hapendi dawa chungu,
hupenda kusikia jina la ugonjwa likitamkwa polepole
na mtu mwenye miwani.

Sasa, droo ya chini. Hukwama; ivute huku ukiiinua.
Mna chupa ya jamu, kifuniko chekundu.
Usiifungue. Ni vumbi
alilolifagia Nélida Choque dirishani kwa mwanawe,
la siku tisa tu, mtaa wa nyuma ya gati
kule Caleta Almonte, madini yanakorundikwa wazi
yakisubiri meli, na upepo hauna likizo.
Alisafiri kwa basi saa kumi na nane kuileta.
Mlinzi akaiandika kitabuni: "Chakula."

Tulipima damu ya watoto mia mbili na sita.
Risasi.
Lugha haikutafuta neno jingine:
ile ya bunduki na hii ya vumbi, jina moja,
tofauti yake mlio.

Niliandika: "Vumbi hili linawadhuru watoto."
Maneno manne. Yalikaa vizuri.
Alhamisi ya kwanza mwanasheria aliomba "huenda."
Ya pili, Bwana Urrejola, mchumi,
mtu mwema, huniletea parachichi za shambani kwake,
aliomba "kwa kiasi fulani."
Ya tatu, watoto wakawa "baadhi ya wakazi."
Ya nne, tukakubaliana kwamba utafiti zaidi ungefaa.
Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno.
Wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kamati.

Nikatia saini.
Si Quilodrón. Mimi, Ismenia,
kwa kalamu utakayoikuta kando ya chupa.

Baada ya miaka mitatu marundo yalifunikwa turubai
(mwandishi mmoja, mgomo mmoja, uchaguzi mmoja)
na ripoti yetu ikapeperushwa bungeni
kana kwamba ilikuwa imesema.
Nilipigiwa makofi. Sikusahihisha.
Wladimir, mtoto wa Nélida,
alikuwa darasa la pili, kwa mara ya tatu.

Sikwambii uwe shujaa.
Mashujaa hawaalikwi Alhamisi inayofuata,
na lazima mtu awemo chumbani.
Nakwambia tu ukijue kitenzi chako
kabla hujapanda lifti.
Watakuuliza kama una uhakika. Hutakuwa nao wote.
Sema ulio nao, kwa wakati uliopo:
"linadhuru."
"Lingedhuru" ni kiti cha pili.

Lifti ya kushoto haifiki saba.
Ufunguo wa choo anao Hugolina wa mapokezi.
Na siku utakapojiona umeanza kuzoea,
itoe chupa, iweke mezani karibu na biskuti,
unyamaze,
usubiri mtu aulize kama ni jamu.