Jino la Katikati

Mwezi Mei, ziwa Võrtsjärv likishavua barafu yake,
wanapanda juu ya mnara wa kanisa kama moshi.
Mara mbili zimamoto wameitwa kutoka Viljandi
kuja kuzima wadudu.

"Hawa ndio wale wanaouma?" huuliza Arvi wa boti,
kila mwaka, akifuta kioo cha gari kwa gazeti.
Hawaumi, Helve humjibu, kila mwaka.
Hawana hata mdomo wa kulia. Walikula wakiwa chini,
kwenye tope, miaka miwili, wekundu kama uzi wa kushonea.
Huku juu wana siku tatu, na kazi moja.

"Basi mbu tu," asema Arvi.

Mbu tu.
Katika lugha hii ninayoandikia
kila chenye roho tumekitia ngeli moja:
ameruka, wameruka,
mfalme na kiroboto wanagawana kiambishi.
Ni adabu kubwa, sikatai.
Lakini Helve Mardisoo anahitaji ngeli mia na ishirini,
na bado mezani ipo chupa isiyo na pa kuingia.

Kichwa cha buu, kidogo kuliko chembe ya chumvi,
hukichemsha kwenye magadi makali mpaka nyama iishe,
hukilaza kidevu juu, tone la gundi, kioo juu yake,
pumzi ameizuia.
Kisha huhesabu meno.
La katikati lina ncha tatu, au moja iliyojivuna?
Jirani yake amesimama, au ameinama?

Madume huulizwa kwingine, mkiani,
kwenye koleo la kumshikia jike,
na Helve, binti wa mchungaji wa Kilutheri,
miaka thelathini na minne amezichora sehemu hizo
bila kuona haya,
kwa penseli. Hata lebo ni penseli.
Wino ukitiwa kwenye spiriti hulewa,
ukasahau ulichoambiwa.

Leo kijana Rauno hakuenda kula.
Amepasua mabuu wa jana, wa ghuba ya mashariki,
ametoa tezi za mate, amezitia rangi,
na kromosomu zimetandazika kama soksi za mistari,
ila mistari ya huyu si ya yule.
Amerudia. Amerudia tena.
"Ni wawili," anasema, sauti ya mtu aliyeleta habari ya msiba.

Wawili. Ndani ya jina alilolitoa yeye Helve,
kwenye majedwali, kwenye ripoti za wizara,
kwenye chupa ya mwaka wa tisini na moja
yenye mwandiko wake wa ujanani, herufi zimenyooka
kama watoto siku ya kwanza ya shule.
Wa mbili havai moja, husema wahenga.
Hawa waliivaa, na haikuwabana.

Anavua miwani. Anaivaa.
Anatoa kioo cha zamani, anakisogeza chini ya darubini,
na hapo, pembeni mwa jino la katikati,
bega limeshuka. Kidogo tu.

Alikwisha kuliona.
Hilo ndilo linalomkalisha kimya.
Aliliona jioni moja ya Novemba, akasema: limechakaa,
buu huyu ametafuna mchanga maisha yake yote.
Akazima taa, akaenda zake kituo cha basi.

Anachonga penseli. Anaandika lebo mpya,
anaitumbukiza chupani karibu na ile ya zamani,
haitoi ile ya zamani.
Rauno anataka kuuliza, anaacha.

Nje, moshi umeshapanda mnarani.
Mmoja anatua kwenye mkono wa koti lake,
dume, pembe zake manyoya matupu,
anasikiliza kitu kisicho Helve.

"Arvi," anaita, "kumbe ni wawili!"

Arvi anainua gazeti kutoka kwenye kioo.
"Yupi anauma?"