Penseli ya Mtoto Mwingine

Ngano ya Saskatchewan imeiva mpaka ukingoni mwa mbingu.
Bohdan yuko ndani ya mashine ya kuvunia,
taa zake zinakwenda, zinarudi gizani,
kama mtu aliyesahau kitu asikumbuke ni kipi.
Mimi nina meza ya jikoni.
Juu yake, mwaka mzima wa masomo
kwa watoto watatu na mwalimu mmoja
ambaye desimali bado humtoa jasho.

Katalogi ya kwanza inaahidi Kilatini
kabla meno ya utoto hayajang'oka.
Ya pili inasema mwache acheze,
elimu itamjia kwa miguu yake.
Ya tatu imeikata siku vipande vya dakika ishirini,
kila kipande na nyota yake ya kubandika,
na bei yake ni matairi mawili ya trekta.
Kwenye jalada, mama asiye na doa kwenye blauzi.
Watoto wake wanatazama kitabu kimoja
wala hakuna anayempiga mwenziwe teke.
Nimemkodolea macho mama huyo.
Dada, nguo zako hufua nani?

Husemwa mchagua jembe si mkulima.
Aliyesema hakuletewa katalogi tano kwa posta.

Mwaka jana nilichagua kwa hofu,
nikanunua kile kinene.
Theluji ilipofika kimo cha dirisha
Halyna alikuwa akilia kila siku saa tatu asubuhi,
kama saa ya ukutani, juu ya ukurasa wa arobaini na moja.
Taras akatoweka.
Nikamkuta gereji, amefumua kabureta ya pikipiki ya theluji,
vipande amevitandaza juu ya gazeti, kidogo mpaka kikubwa,
kila kimoja na jina lake kwa kalamu ya wino,
mawili ameyakosea herufi.
Nilisimama mlangoni na kitabu cha sayansi mkononi,
sura ya sita, injini,
nikaona haya kukifungua.

Mama mkwe hasemi kitu. Anamenya viazi.
Lakini kumenya kwake kuna maoni.
Basi la shule likipita saa moja na nusu
hupunguza mwendo langoni petu, mazoea tu,
naye Stefania hulitazama
mpaka vumbi lilale.
Sijui kama anawaonea huruma watoto
au mimi.

Jumamosi nilishuka chini ya kanisa,
kwenye mnada wa vitabu vilivyotumika,
harufu ya kahawa iliyochemka mno.
Kwa dola mbili nikapata cha hesabu,
uti wake umeshonwa upya kwa uzi wa kushonea magunia.
Nimekifungua usiku huu.
Ukurasa wa kumi na mbili, kwa penseli: *Nakichukia.*
Wa hamsini na tisa: *Mbwa wetu kazaa. Saba.*
Wa sitini, pembeni ya hesabu za kutoa: *Sita.*
Wa themanini na nane, kwenye sehemu,
pale hasa nami nilipopotea nikiwa na miaka tisa,
maandishi makubwa, penseli karibu itoboe karatasi:
*Aa! Kumbe!*

Baada ya hapo, kimya. Kurasa safi mpaka mwisho.
Alihama? Walimbadilishia kitabu?
Au alianza kuelewa, akakosa la kusema?

Katalogi nne nimezisukumia kwenye kapu la kuwashia jiko.
Ya tano nimebakiza, nina woga wangu bado,
na Maksym anapenda picha zake za nyangumi.
Kisha nimechukua kifutio cha Halyna,
nikaanza kufuta majibu, moja baada ya jingine,
nikipuliza vumbi la mpira kwenye kiganja.
Majibu tu.
Mbwa nimewaacha, wote saba,
na yule aliyepungua.