Goti la Mbele, Kushoto

Nilifika Rustavi alfajiri, upepo ukiwa bado umelala,
na noti za lari ndani ya soksi:
bei ya ng'ombe kumi na mmoja
na kipande cha mizabibu ambacho baba alikipogoa
hadi mkono ukamkatalia.

Kwetu juu, kwenye Kaukazi, barabara ni jina la heshima tu.
Wageni wangu huja na masanduku na hofu ya makorongo.
Basi dogo la marehemu mume wangu lilikufa mara tatu;
mara ya nne likagoma kufufuka.

Zviad alikuwa amelitanguliza mbele ya mengine yote,
jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi,
dizeli, silinda sita, viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa.
"La daktari wa Ujerumani," akasema.
Hapa kila gari ni la daktari wa Ujerumani.
Sijui huko wagonjwa wanatibiwa na nani.

Sikumjibu. Niliweka kiganja juu ya boneti.
Vuguvugu,
kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi.
"Umeliwasha saa ngapi?"
"Nimelisogeza tu, mama."
Basi nikakalia tairi bovu, nikamega mkate na jibini,
nikangoja chuma kisahau.

Akaniletea kahawa.
Akamleta kaka yake.
Akaleta punguzo ambalo hakuna aliyeliomba.
Kizuri chajiuza, nikawaza,
na hiki kinatembezwa mpaka na sinia.

Kipima mwendo kilisema laki moja na kumi na nane elfu.
Pedali ya breki ilisema vingine:
mpira umelika, chuma kinachungulia.
Usukani ulikuwa laini upande mmoja tu,
pale mkono wa dereva aliyechoka hujilaza usiku wa manane.
Nyuma, chini ya kiti, nusu ya stika ya twiga,
na ukucha wa mtoto uliojaribu kuibandua.
Nilimwonea haya yule mtoto, sijui kwa nini,
kama niliyefungua barua isiyo yangu.

Nugzar akaja saa nne, fundi, binamu ya mume wangu,
mtu wa maneno saba kwa siku.
Ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni.
"Washa."

Sekunde tatu cheni ilitafuna meno.
Zviad akapandisha muziki.
Nugzar akanyoosha kidole, akauzima.
Moshi mweupe, kisha mwembamba, kisha hakuna,
na mngurumo ukatulia, mzito, mtamu,
nikahisi kifua changu kinaitikia.
"Moyo mzima," akasema Nugzar. "Meno, hapana."
Manne. Alibakiwa na mawili.

Tukalipeleka kilimani.
Lilipanda bila kuhema,
na mimi, mjinga mwenye nywele nyeupe,
nikaliona tayari mlangoni kwangu, theluji ikiliogopa.
Hivyo ndivyo watu wanavyouziwa mbuzi kwenye gunia:
gunia lenyewe ni zuri.

"Lilale hapahapa," nikamwambia Zviad. "Ufunguo nabaki nao mimi."

Asubuhi palikuwa na sakitu.
Magari yote yamesimama,
isipokuwa lile jeusi.
Goti la mbele, kushoto, lilikuwa limekunjika,
hewa imelitoka usiku kucha, kimya,
tairi limemezwa hadi kwenye bati.

Zviad alilitazama muda mrefu, mkono shavuni.
"Linasali, mama."

Tulicheka hadi kaka yake akatoka na mswaki mdomoni.
Nugzar pia alicheka. Sikuwa nimemsikia tangu mazishi.

Nikamrudishia ufunguo.
"Liache limalize sala," nikasema.
"Likiinuka lenyewe, bila wewe kuliwasha, nipigie simu."

Simu haijalia.
Ng'ombe wangu wamo bado ndani ya soksi,
wananikwaruza kifundo nikitembea.