Siki Nyingi

Grimsby, Jumanne, mvua ya kubebwa na upepo.
Foleni ya chipsi imegeuka bunge.
Doreen anamtaka yule Mskoti mkali:
"Wachezaji wamedekezwa mno!"
Clive anataka kijana mwenye kompyuta.
Mzee Wilf hataki kocha,
anataka mwaka wa themanini urudi.
Mimi nageuza samaki.
Makocha saba nimewaona toka nishike mwiko huu,
wote walikuja na skafu mpya.

Kengele ya mlango.
Ni yeye, aliyefukuzwa asubuhi,
koti bado lina nembo ya klabu.
Kimya. Mafuta tu ndiyo yanayobishana.
Anaomba chipsi ndogo, siki nyingi.
"Mpe kubwa," anasema Doreen. "Nalipa mimi."

Anatoka.
Kisha Clive, kwa sauti ya matangani:
"Lakini Mskoti, hapana."