Kituo

Nilikuwa na miaka tisa, na kichwa kigumu cha kubebea sinia.
Mahamri juu, karatasi chini,
kati yake kitambaa alichodarizi Bi Thureya
maua ambayo Kibokoni hayajawahi kuota.
Nyumba kwa nyumba, mlango wa uani:
"Mama asema muonje, kisha mtie sahihi."
Wengine walitia jina, wengine dole gumba.
Mmoja alichora kijiko, akasema, huyo ni mimi.
Majina mia na kumi na nne,
na juu ya majina, kwa waungwana wa barazani,
ubeti mmoja wa Thureya:

*Twawandikia barua, kwa adabu na heshima,*
*Kodi zetu mwapokea, sanduku mmetunyima,*
*Sisi ndio twawazaa, na usiku twasimama,*

na mstari wa nne.

Kura ilipokuja, Thureya alikuwa eda.
Sheikha akasimama nje ya dirisha, akamsimulia foleni nzima:
nani kavaa viatu vya dada yake,
nani kazimia, nani kajifanya kuzimia apite mbele,
na karani aliyeuliza jina la mume mara tatu
akajibiwa mara tatu jina la baba.
Ndani hakukusikika kitu.
Kisha sauti: "Penseli ilikuwa rangi gani?"

Maisha yakaendelea, kama mtu aliyesahau alichotumwa.
Zuwena aliuza barafu za ukwaju mlangoni pa skuli.
Mwanakombo aliolewa Lamu, akaachwa, akarudi na cherehani.
Sheikha akaiazima wiki moja.
Ikarudi bila sindano.
Miaka kumi na moja hawakusemezana,
ila kila uchaguzi walipanga foleni moja,
watu watatu kati yao, si wawili, si wanne,
na Zuwena akipitisha chupa ya chai:
"Mpe huyo. Mwambie sukari nimetia."
Aliyempigia kura nani, hakuna aliyeuliza.
Walikuja kupatanishwa na nguru
mkubwa mno kwa nyumba moja.

Alhamisi baada ya alasiri, kwa Thureya,
kahawa, kashata, na ugomvi ule ule:
kituo kilisemaje?
Zuwena: *Kidole chenu ni chema, chetu kina dhambi gani?*
Sheikha: *Tupeni tuliyoomba, tusije tukayatwaa.*
"Hilo lako ni la mwizi," asema Zuwena.
"Na lako la mwombaji."
Mwanakombo aliapa hapakuwa na kituo,
nafasi iliisha, majina yakaanza.
Thureya, mwenye shairi, alicheka mpaka akakohoa.
"Nyote mwakosea," asema,
na wa kweli asiutaje.
Nadhani naye alikuwa kausahau.

Mimi nilimimina kahawa.
Mimi, niliyejikwaa penye mtaro wa Kuze,
mahamri yakalala kifudifudi juu ya ubeti,
mafuta yakanywa mstari wa nne wote, herufi kwa herufi,
nikaufuta kwa upindo wa leso, nikazidisha,
nikapeleka hivyo hivyo.
Serikali ilisoma mistari mitatu na doa.
Nimetia sukari vikombe vya miaka hamsini
na sijasema.

Thureya alifariki siku tatu baada ya kura.
Muosha alifika kwenye kidole kidogo cha kushoto,
akasugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu.
Wino haukutoka.
Akatutazama.
"Hiyo ni rangi tu, maji yapita," asema Sheikha. "Mwache nayo."
Mwanakombo alikuwa akishona sanda kwa mkono,
cherehani iko pale pale, imefunikwa.
Zuwena alisimama mlangoni akihesabu kitu kwa vidole.
Mizani, nahisi. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

Nikainama sikioni, nimwambie yale ya mafuta.
Muosha akasema, shika kata,
maji yanapoa.